Ua Lisilo na Kasoro

"Umeingia?" sauti ya Mkuu ilikwaruza kwenye kidude cha sikioni.

"Nimeingia. Mchoraji yuko mbele yangu."

Sindano alirudisha bastola yake ya Glock kiunoni na kulifunga dirisha taratibu. Mlinzi alikuwa koridoni, hajasikia kitu.

Kwenye kompyuta, ua lilikuwa likijichora. Mistari myembamba mno ilipishana na kurudiana, hesabu tupu, hakuna mkono. Ndilo ua lililochapwa kwenye kila pasipoti ya serikali. Mjomba mtu, msafirishaji wa silaha, alimfungia humu kijana huyu, mpwa wake, aandike programu ya kulichora. Kwa pasipoti bandia zenye ua hilo, wauaji wake thelathini wangevuka mpaka kesho.

"Dada, nitoe," kijana alinong'ona. "Mjomba akimalizana na mimi, ataniua."

Sindano aliweka kioo cha kukuzia juu ya karatasi iliyochapwa ua la kijana, kisha juu ya pasipoti yake mwenyewe.

"Petali hii. Kwenye pasipoti halisi, mstari umepinda. Wako umenyooka."

"Niliona. Nikajua aliyechora alikosea hesabu, nikamrekebishia."

Maskini! Serikali iliupinda makusudi. Kijana alikuwa amewachongea wauaji wote bila kujua, eti kwa kuwa macho yake hayavumilii mstari mbovu.

"Mkuu, pasipoti zao zote zina alama. Watanaswa mpakani."

"Safi. Toka."

"Na mchoraji?"

"Akitoweka, Mjomba atashtuka. Mwache."

Ilimuuma. Tusidanganyane, ilimuuma sana.

"Kwa hiyo niupinde kama wao?" kijana aliuliza.

"Usiguse kitu. Limependeza hivyo hivyo. Kesho nakuja kukuchukua."

Kijana alitabasamu mpaka masikioni. Hakuna aliyewahi kumsifia kazi yake.

Kesho yake wauaji walidakwa mpakani, mmoja baada ya mwingine. Sindano alikuwa ndani ya gari, ng'ambo ya barabara, bunduki mapajani. Amri ilikuwa kungoja Mjomba atoke.

Kupitia dirisha la nyumba lililokuwa wazi, simu ya Mjomba ilisikika ikilia. Zikafuata kelele. Kijana aliapa kwamba ua lilikuwa sahihi, sahihi kabisa, Mjomba apige hesabu mwenyewe.

Risasi moja.

Mjomba alitoka mbio, bastola mkononi. Sindano akampiga katikati ya paji la uso.

"Kazi imekwisha," alisema.

"Mchoraji je?"

"Si ulisema nimwache?"

Akang'oa kidude cha sikioni, akakitupa mtaroni, akaondoka zake kwa miguu bila haraka.