Kuni za Mkwe

Siku Idrisa alipomwona kwa mara ya kwanza, Ruwaida alikuwa amepiga magoti mbele ya pipa la bluu pale Igawa, mabasi yanaposimama abiria wanunue mchele na vitunguu. Gauni lake la kitenge alikuwa amelifunga kiunoni juu ya suruali. Mtandio wake wa rangi ya kahawia ulikuwa umejaa vumbi, na mikononi alivaa glovu ndefu za njano. Wachuuzi wa mayai walimpita huku na huku kama mtu anayepita dimbwi.

"Dada, hilo pipa lina miaka miwili hapa," alilalamika Tupokigwe, mwenye kibanda cha chai. "Maji yake hayana hata harufu."

"Ndiyo ubaya wake, mama. Sumu yake hainuki."

"Sasa ukilichukua, wateja wangu watakunywa chai ya mate?"

Watu walicheka. Ruwaida hakucheka. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, na shirika dogo la mazingira la Iringa lilikuwa limempa mkataba wa mwaka mmoja kufuatilia taka za kiwanda kimoja cha nguzo za umeme. Nguzo zile zililoweshwa dawa yenye shaba, kromu na arseniki, zikatoka na rangi ya kijani ambayo mchwa hathubutu kuisogelea. Katika vitabu vya kiwanda, tope la dawa na mapipa yake matupu vilikuwa vimezikwa. Kumbe mapipa yalikuwa yametapakaa kando ya barabara kuu, yamejaa maji ya kunywa.

"Mpe mama pipa letu," sauti ya mwanamume ilisema nyuma yake.

Aligeuka. Kijana mrefu alikuwa ameshika kikombe cha chai, amevaa ovaroli ya kaki yenye madoa ya kijani kwenye mikono. Nyuma yake lori lilikuwa limebeba nguzo.

"Pipa gani, kaka?"

"Tuna pipa la maji kwenye lori. Jipya, lilikuwa la mafuta ya kula. Mama abaki nalo, wewe uondoke na hili. Mimi na dereva tutavumilia kiu mpaka Mbeya. Ila wewe utatuombea."

"Wewe ni wa kiwandani?"

"Karani wa yadi. Idrisa." Aliinua mikono juu. "Nimekamatwa?"

Hapo ndipo Ruwaida alipocheka, na Tupokigwe akampigia Idrisa makofi. Pipa la sumu lilipakiwa, pipa safi likashushwa. Lori lilipoondoka, namba ya simu ya Ruwaida ilikuwa imeandikwa kwa kalamu kwenye kiganja cha karani wa yadi.

Mapenzi yao yaliishi kwenye simu kwanza.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula ugali na mlenda. Wewe?"

"Mimi nimekula mawazo yako."

"Basi utakonda, Idrisa. Na mimi sitaki mwanamume wa kuning'inia kwenye kamba kama shati."

Baadaye walikutana kila Jumamosi mjini Iringa. Idrisa alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Ruwaida alijipaka wanja na udi kidogo, akajifanya amepita tu. Walitembea sokoni, wakala mahindi ya kuchoma, wakabishana kuhusu majina ya watoto ambao bado hawajazaliwa. Idrisa hakuwa mtu wa maneno makubwa. Alikuwa mtu wa kutoa. Ukisifia kofia yake, anaivua. Ukipiga chafya, anakuvika koti.

Kwa hiyo Ruwaida alipomwambia kwamba mama yake anaishi Ilomba, Mbeya, na anachoma vitumbua vya kuuza kila asubuhi, Idrisa aliuliza swali moja tu.

"Anatumia kuni au mkaa?"

"Kuni. Na zimeadimika siku hizi."

Wiki ile ile, lori la nguzo likielekea Mbeya lilipita Ilomba na kushusha rundo la vipande vya mbao, vimekatwa sawasawa, vikavu. Jioni Bi Mwantumu alimpigia mwanawe.

"Ruwaida! Huyu kijana wako ana adabu. Hajaleta barua ya posa, kaleta kuni! Sijawahi kuona mkwe wa namna hii."

"Mama, si mkwe bado."

"Kwangu ameshakuwa. Kuni zake zinashika moto upesi kama zimekasirika."

Ruwaida alicheka mpaka akakaa chini. Alizisikia hizo kuni, akazifurahia, wala hakuuliza. Fomu zake za kazi zilikuwa na mahali pa kujaza tope, mapipa, maji na udongo. Kuni hazikuwamo. Pale kiwandani, vipande vya mwisho vya nguzo havikuitwa taka. Viliitwa motisha. Kila mwisho wa mwezi mfanyakazi alipewa fungu lake, na Idrisa ndiye aliyeandika kwenye daftari la geti nani kachukua na vinakwenda wapi.

Kila mwezi rundo lingine lilishuka Ilomba.

Ruwaida alirudi nyumbani mwezi Julai, baridi ya Mbeya inapowafanya watu wazungumze huku wameficha mikono kwapani. Alifika asubuhi na begi mgongoni. Mama yake alikuwa kibarazani, amejifunga kanga mbili, mbele yake karai la vitumbua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Karibu na moto."

Bi Mwantumu aliingiza vidole kwenye karai, akatoa kitumbua kinachochuruzika mafuta, akakiweka kwenye sahani. Kisha kingine. Bila kijiko.

"Mama! Unaungua!"

"Wala. Siku hizi vidole vyangu vimekomaa, havisikii kitu. Jirani yangu Esnath ananiita mama wa chuma." Alicheka, akainua viganja kujivuna.

Viganja vilikuwa na vinundu vidogo vigumu, kana kwamba mchanga umeingia chini ya ngozi. Shingoni palikuwa na madoa meusi mfano wa matone ya mvua kwenye vumbi. Ukingo wa kanga ulipoteleza, Ruwaida aliona nywele za mama yake zimepungua mpaka ngozi inang'aa.

Kisha akautazama moto. Pembeni, ndimi zake zilikuwa za kijani.

"Watoto wa hapa wanapenda kuja kuuona," Bi Mwantumu alisema kwa fahari. "Nawaambia hizi ni kuni za mkwe."

Darasani, Ruwaida aliwahi kuchoma chumvi ya shaba kwenye kijiko na kuona rangi hiyo hiyo. Aliinuka, akachukua ndoo ya maji, akaumwagia moto wote. Vitumbua viliogelea.

"Una wazimu, mtoto wewe?"

"Majivu yake unapeleka wapi, mama?"

"Nasugulia masufuria. Mengine nimechanganya na maharage yasibunguliwe, nikamgawia na Esnath debe. Ruwaida, mbona unalia?"

Alimpigia Idrisa akiwa amesimama nyuma ya nyumba, glovu za njano zimejaa majivu.

"Laazizi! Umefika salama? Mama anasemaje?"

"Zile kuni, Idrisa. Zilikatwa kabla ya dawa au baada?"

"Baada. Ni vichwa vya nguzo. Ndizo zinazowaka vizuri. Kwani zimeisha? Ijumaa kuna gari."

"Usilete gari. Usilete kitu."

Alipeleka majivu maabara. Majibu yalisema arseniki, kwa kiwango ambacho fundi wa maabara alikipima mara mbili kwa kudhani amekosea. Daktari alisema mishipa ya fahamu ya vidole imeumia. Huenda ikapona, huenda isipone. Bi Mwantumu asiguse tena kuni zile.

Kisha Ruwaida alirudi Iringa, akafungua upya nyaraka ambazo kiwanda kilikuwa kimewapa miezi saba nyuma. Kulikuwa na maelezo ya dawa, kurasa kumi na sita za Kiingereza. Ukurasa wa tisa ulisema mbao zilizotiwa dawa zisichomwe kamwe, majivu yake ni sumu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na sahihi za wafanyakazi waliokiri kwamba wamesoma na kuelewa. Sahihi ya tano ilikuwa na mkia mrefu anaoufahamu, ule ule uliokuwa mwishoni mwa kila barua fupi ambayo Idrisa alimwandikia.

Walikutana nje ya ofisi yake. Hakumwalika ndani.

"Hii sahihi ni yako?"

Idrisa aliitazama karatasi. "Ni yangu."

"Ulisoma?"

"Ruwaida, ililetwa wakati wa chai. Bosi alisema saini, mkaguzi anakuja. Kila mtu alisaini..."

"Sikuulizi kila mtu. Ulisoma?"

"Nilisaini."

"Mama yangu haoni tofauti ya moto na maji kwa vidole vyake. Na hapa umeandika kwamba ulijua."

"Wallahi sikujua! Ningejua ningezipeleka kwenu?"

"Sijui, Idrisa. Karatasi inasema ungepeleka."

Aliingia ndani. Namba yake akaifunga kwenye simu.

Shirika liliandika barua kwa kiwanda. Kiwanda kikajibu kwa aya mbili: hakuna kipande chochote cha nguzo kilichowahi kutoka getini. Na baridi ilikuwa inazidi. Ruwaida alijua kwamba kila asubuhi kuna nyumba, asizojua ni za akina nani, ambamo watu wamezunguka moto wa kijani wakiota. Ushahidi ulikuwa kwenye daftari moja. Aliifungua namba ya Idrisa kwa ujumbe mmoja tu. "Nipe majina."

Idrisa aliusoma mara nyingi. Siku hiyo hiyo meneja alikuwa amemwita.

"Daftari la geti la mwaka huu limepotea, si ndiyo, Kalinga?" Alimwita kwa jina la ukoo, kwa upole. "Yadi inahitaji mtu makini. Nafikiria kukupa usimamizi."

"Ndiyo, bosi," Idrisa alisema.

Jioni alikwenda kwao Ipogolo. Mama yake, Bi Shufaa, alikuwa jikoni, amepakata bakuli la maharage, anayatoa majivu ya kuni za kiwandani.

"Kamwene, mwanangu. Njoo unichambulie. Sijui mikono yangu ina nini, maharage yananiponyoka kama yana mafuta."

Idrisa aliketi chini. Alishika viganja vya mama yake, akavigeuza kwenye mwanga wa mlango. Vilikuwa na vijiwe kama mchanga chini ya ngozi. Aliviinamia akalia, na mama yake akadhani ni habari za mchumba.

Siku tatu baadaye alifika Ilomba asubuhi, akiwa na lile shati jeupe, safari hii halijapigwa pasi. Ruwaida alikuwa nyumbani kumpeleka mama yake kliniki. Bi Mwantumu alikuwa ameketi kibarazani kando ya jiko la gesi la kuazima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umepotea."

Idrisa alipiga magoti mbele yake. "Mama, nilikuletea sumu. Nilisaini kwamba najua, nami sikusoma. Naomba radhi, na sitakulaumu ukinifukuza."

Bi Mwantumu alitazama vidole vyake.

"Nilimkataza Ruwaida asikuambie," alisema. "Nilijua ulizileta kwa moyo. Yeye akasema wako wengine. Kama wako wengine, basi simama, magoti hayatawasaidia."

Ruwaida alikuwa mlangoni. Idrisa alitoa mfukoni kitu kilichofungwa kwa leso nyeupe yenye ushonaji ukingoni, na jirani Esnath aliyekuwa akichungulia akaanza kigelegele, akakikata katikati alipoona nyuso zao. Barua ya posa hufungwa hivyo. Idrisa alikuwa ameinunua leso ile tangu mwezi wa tatu.

"Sikuwa na kitu kingine cha kuifungia," alisema.

Ruwaida alifungua. Ndani kulikuwa na kurasa za daftari la geti, zimekunjwa mara nne. Nyumba sitini na mbili. Mgahawa wa Marcelino. Madrasa moja. Jiko la kwaya ya kanisa. Kila moja na kijiji chake, na mwandiko wenye mkia mrefu. Juu kabisa ilikuwa Shufaa Kalinga, Ipogolo. Ya pili, Mwantumu, Ilomba.

"Mama yako?" aliuliza taratibu.

"Mikono. Kama ya mama hapa."

"Na kazi?"

"Nimeacha ovaroli getini."

Ruwaida alizipanga kurasa, akazigawa mafungu mawili, moja akamrudishia.

"Yeyote anayezichoma upande wa Iringa ni wako. Nenda nyumba kwa nyumba, uwaambie wewe mwenyewe kwa mdomo wako. Mimi naanzia Mbeya."

"Tutakutana Igawa," alisema Idrisa. Aliitazama ile leso.

"Maliza kwanza, Idrisa."

Aliitikia kwa kichwa. Ile leso Ruwaida hakuirudisha, wala hakuiweka kifuani. Aliiacha juu ya meza, karibu na birika.

Idrisa aliinama kumuaga Bi Mwantumu. Mama alishika mkono wake kwa mikono yote miwili, akaushikilia, uso wake ukiwa wa mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

"Ruwaida," alisema, "hebu njoo umshike mwenzio, uniambie kama ana baridi. Mimi vidole haviniletei habari tena."

Ruwaida alisimama pale pale. Kisha akasogea, akaushika mkono wa Idrisa, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

"Ana baridi, mama."

"Basi mpe chai," alisema Bi Mwantumu. "Ndipo aende."