Kioo cha Pijo

Jioni hiyo nilimchukua binti yangu Kui shuleni, nikapitia kwa Mugo, fundi wa magari wa Gitothua, anifungie kioo cha pembeni. Cha kwanza kilikuwa kimeibwa nilipoegesha gari sokoni Thika kwa dakika kumi tu. Gari lenyewe ni Pijo 504 nililoachiwa na marehemu baba. Nalipenda kuliko baadhi ya ndugu zangu, lakini vipuri vyake ni adimu kama maziwa ya kuku.

Mugo alikuwa na kioo kimoja, kikuukuu. Watu wa huku huchora namba ya gari kwenye vioo ili mwizi akose mnunuzi. Hiki kilikuwa na namba ya gari lingine, imesuguliwa kwa msasa ikabaki nusu. Niliiona, nikanunua hivyo hivyo. Rahisi ni ghali, mama aliniambia mara ngapi?

Tulipoingia njia ya vumbi ya kwetu Ruiru, nikatazama kioo.

Mwanamke alikuwa amesimama nyuma yetu, mkono juu, akitusimamisha.

Nikageuka. Hapakuwa na mtu.

Jioni ya pili alikuwepo tena, karibu zaidi. Leso ya kubebea mtoto ilikuwa imefungwa mgongoni mwake, lakini ilining'inia tu... haina kitu.

Jioni ya tatu alikuwa kwenye bampa. Hakunitazama mimi. Alitazama kiti cha nyuma, alipoketi Kui. Ndani ya gari kukanuka vumbi lililonyeshewa, na mvua ilikuwa haijanyesha wiki mbili.

Nikakanyaga breki. Sina mtoto mwingine. Nikageuza gari hadi kwa Mugo, naye akakiri, macho chini, kwamba kioo alipewa bure na Mzee Gerishon wa Murera, mwenye Pijo kama langu. Mzee alimsihi akivunje. Yeye akaona ni hasara, akakipiga msasa.

Nikakifungua kioo, nikaenda Murera. Kui alikuwa amelala nyuma.

Mzee Gerishon alikuwa akifungia ng'ombe. Alipoona nilichoshika, hakuniuliza hata jina.

"Bado anainua mkono?" akanong'ona.

"Eeh."

"Na mtoto... ako kwa mgongo?"

Nikamwambia leso ni tupu. Mzee akaketi chini, pale pale kwenye samadi. Akanieleza kwa shida kwamba miaka mingi iliyopita, giza likiingia, akiendesha Pijo lake, alisikia kishindo. Akatazama kioo hicho, akaona mama amelala barabarani, ameinua mkono. Hakusimama. Kesho yake watu walimpata mama huyo amekufa. Mtoto aliyekuwa mgongoni hajapatikana hadi leo.

"Wacha hiyo kioo hapa," akasema. "Ni yangu."

Nilikiacha mikononi mwake na sikuona haya kumwachia. Njia nzima nilikuwa namshukuru Mungu. Tulipofika langoni kwetu nikafungua mlango wa nyuma nimbebe Kui.

Alikuwa macho. Alikuwa amejibana kwenye mlango, na sehemu kubwa ya kiti iko wazi.

"Mbona umekaa hivyo?"

"Nilikuwa napea ule mama nafasi."

Nikapapasa kiti. Kilikuwa na vumbi jekundu, bichi.

Siku hizi Pijo liko uani chini ya turubai. Jirani akiuliza, nasema vipuri vimekosekana. Kui nampeleka shule kwa miguu, nimemshika mkono mpaka analalamika. Akichoka nachutama nimbebe, kama zamani.

Hataki. Anasema mgongo wangu una joto sana.

Amezoea ule wa baridi, wenye leso.