Kahawa ya Kusagiwa

Kwenye kaunta ya kurudishia bidhaa, katika duka kubwa la vyombo vya nyumbani, foleni ilikuwa imefika hadi kwenye majokofu. Mfasiri alisimama katikati yake amekumbatia boksi, gauni lake jepesi la kijani limeshika jasho mgongoni. Ndani ya boksi mlikuwa na mashine ya kusagia kahawa ya espreso. Aliihangaikia sana. Alisoma maoni ya watu mpaka macho yakamuuma, akalinganisha mashine za visu na za meno ya kusagia, akapima kwa futi nafasi iliyokuwa chini ya kabati la jikoni. Akainunua, akakaa nayo wiki moja tu.

"Imekukosea nini?" sauti ikauliza nyuma yake.

Aligeuka. Alikuwa fundi wa lifti, mrefu, ovaroli ya buluu, ananukia grisi na sabuni. Mkononi alishika pasi ya dada yake iliyogoma kupata moto.

"Haijanikosea. Inasaga vizuri, ila ina kelele."

"Zote zina kelele."

"Hii inamliza mama yangu."

Alitegemea Fundi acheke. Hakucheka. Basi Mfasiri akajikuta anamsimulia mtu asiyemjua kwamba mama yake alipigwa na kiharusi, na tangu hapo kishindo chochote cha ghafla kinamtetemesha na kumtoa machozi. Aliifunika mashine kwa blanketi, akaipeleka bafuni na kufunga mlango, wapi. Yeye kazi yake ya kutafsiri aliifanyia nyumbani, karibu na mama, na kikombe cha asubuhi ndiyo ilikuwa starehe yake pekee.

"Basi usiirudishe," Fundi alisema. "Niuzie mimi. Nakaa mtaa wa pili tu kutoka hapa. Nitakusagia, uwe unapita kuchukua."

"Kila siku?"

"Kahawa iliyosagwa hailali. Ikilala inaharibika ladha."

"Kumbe mtaalamu."

"Nimesoma ubavuni mwa boksi lako, sasa hivi."

Mfasiri alicheka mpaka watu wa mbele wakageuka.

Mwanzoni kusaga kulimpiga chenga Fundi. Simu zikawa haziishi.

"Leo umesaga laini mno," Mfasiri angelalamika. "Inadondoka tone tone, chungu kama dawa."

"Jana ulisema nimeacha chenga kubwa, imetoka maji matupu. Wewe mwanamke huridhiki."

"Niridhishe basi."

"Nipe muda, mpenzi. Hata lifti huwa sizifungui kwa pupa."

Akaizoea. Alijifunza kuipiga brashi meno yake ili unga wa jana usibaki, na kunyunyizia punje tone la maji ili unga usiruke na kumganda shatini. Mafundi wenzake wakaanza kumwita Bwana Mkahawa. Kila asubuhi kabla ya kazi alileta kopo la kahawa mwenyewe, kisha akaanza kuingia ndani, kisha akawa anakaa. Mama, aliyeongea kwa upande mmoja wa mdomo, alimpenda.

"Baba, umekula?" alimuuliza kila akimwona.

"Nimeshiba, mama."

"Mwongo huyu. Mpe mkate."

Siku moja jikoni Fundi alimshika Mfasiri mkono. "Nataka nikuoe."

"Na mama?"

"Nakuja kuishi hapa. Mashine nitaiacha kwa dada yangu."

Mfasiri alimwegemea kifuani, akaamini.

Haukupita muda, dada mkubwa wa Mfasiri alimpigia simu. Dada huyo alikaa upande wa pili wa jiji, na zamu yake ya kumtunza mama haikuwahi kufika. "Huyo bwana wako kaja kwangu," alisema. "Anataka mama aje akae huku. Hata hajakuoa, keshaanza kuwatenganisha."

Mfasiri hakuuliza swali hata moja. Alizima simu. Kopo lililoachwa mlangoni alimpa jirani. Fundi alipogonga, alimjibu kwa sauti ya chini kupitia mlango ili mama asishtuke.

"Sihitaji mtu wa kunihamishia mama."

"Nani kakwambia? Nifungulie tuongee."

"Nenda."

Aligonga siku nyingi, kisha akaacha. Mfasiri akarudi kunywa kahawa ya pakiti, akiimeza bila hamu.

Miezi ilipita. Dada alikuja kutembea, akajaribu kumlisha mama, mama akafunga mdomo. Dada akaweka kijiko chini kwa hasira. "Hii kazi siiwezi. Na yule fundi aliniomba nikae na mama Jumapili tu, eti wewe upate kulala. Hata hiyo Jumapili ningeishia kulia."

"Jumapili tu?"

"Si nilikwambia?"

Mfasiri aliingia chumbani, akampigia Fundi simu.

"Nilikukosea," alisema.

"Najua."

"Njoo."

"Nitakuja. Lakini nina jambo la kukwambia."

Fundi alikuja mchana, amevaa shati jeupe lililonyooshwa, na mfukoni kinu kidogo cha kusagia kwa mkono. Alikaa karibu na mama, akazungusha mpini polepole. Punje zilivunjika kwa sauti ya chini. Mama aliitazama mikono yake, akatulia.

"Anaisikia?" Mfasiri alinong'ona.

"Anaisikia. Hata hajashtuka."

Walitazamana, na Mfasiri akaona macho ya Fundi yamejaa maji.

"Nimepata kazi nchi nyingine," Fundi alisema. "Nimeshatia saini. Naondoka wiki hii."

"Ungekataa."

"Ungepokea simu, ningekataa. Twende wote."

"Mama kutoka kitandani mpaka kwenye kiti ni shughuli. Nimpandishe ndege?"

"Basi nitakusubiri."

"Usinisubiri. Kunisubiri mimi ni kusubiri mama afe. Siwezi kumwogesha kila siku nikijua kuna mtu anahesabu."

Walikunywa ile kahawa. Ilikuwa nzuri kuliko zote Fundi alizowahi kumsagia, na hakuna aliyeisifu.

Fundi alipoinuka kuaga, mama alimshika shati.

"Baba, kesho uje mapema."

"Nitakuja, mama."

Mlangoni Mfasiri alimwambia, "Umemdanganya."

"Ungemjibuje wewe?"

Walikumbatiana mpaka mama alipoita, Mfasiri akamwachia.

Asubuhi mama aliuliza, "Baba yuko wapi?"

"Yuko njiani, mama."

Akauliza tena kesho yake, na kesho kutwa, na Mfasiri akajibu vilevile. Mpaka ikaja asubuhi mama alipokula uji wake wote, akatazama dirishani, asimuulizie mtu. Mfasiri alisubiri, kitambaa cha kumfutia mdomo mkononi.

"Mama, humuulizi baba?"

"Baba gani?" mama alisema.

Mfasiri alimfuta mdomo, akainama mapajani mwake, akalia kwa sauti.