Chuma Ndani ya Tochi

Kila asubuhi Badria alitangulia kushuka ngazi na begi lake la shule mgongoni. Nyuma yake alifuata bibi yake, Bi Kijakazi, na sinia la kashata kichwani. Walikaa ghorofa ya nne katika jengo moja kuukuu la Mchafukoge, na ngazi za kwenda chini zilikuwa sitini na nane. Dirisha hata moja hakuna. Balbu za ngazini ziliibwa zamani, na hata zingekuwepo zisingesaidia kitu, maana mwaka ule umeme ulikuwa wa mgawo. Vyuma vya kushikilia navyo viling'olewa na watu wasio na haya, vikauzwa kama chuma chakavu. Iwe asubuhi au saa saba mchana, mle ngazini giza ni lile lile.

Kwa hiyo bibi alishika sinia kwa mkono mmoja na tochi kwa mkono mwingine. Ilikuwa tochi ya bati ya betri kubwa tatu, aliyoinunua duka la ushirika siku ambazo mama yake Badria alikuwa bado anabebwa mgongoni. Mwishowe betri zikavuja, kutu ikala swichi, tochi ikafa.

"Jumamosi nenda Kariakoo ukaninunulie nyingine," Bi Kijakazi alisema, huku akifungua fundo kwenye ncha ya kanga yake na kutoa pesa. "Usidanganywe na rangi. Pima kwa mkono. Kitu kizito ndicho kitu. Kitu chepesi ni kopo tu."

Badria alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuwahi kutumwa peke yake kununua kitu kikubwa namna hiyo. Alitembea kifua mbele mpaka Kariakoo.

Tangu biashara ilipofunguliwa milango, Kariakoo ilikuwa haina kisichopatikana. Tochi zilining'inia madukani kama ndizi. Badria aliingia duka moja nyuma ya soko, la kijana aitwaye Bakili.

"Karibu, mdogo wangu! Tochi? Umefika mwisho wa reli," Bakili alisema. Akaweka mbili juu ya meza. Moja ilikuwa nyembamba, ya rangi ya fedha, yenye taa moja ya LED na betri ndogo tatu. Nyingine ilikuwa ya njano, nene kama mhogo, yenye taa kumi na tisa na plagi ya kuchajia. "Hii ya njano hununui betri tena mpaka uolewe!"

Badria alizipima mkononi. Ile nyembamba ilikuwa nyepesi kama kiberiti. Ile ya njano iliuvuta mkono chini. Bakili aliiwasha juu ya kiganja chake, vidole vyote vikawa vyekundu. Badria hakuuliza kitu kingine. Alilipa, akaondoka na ile ya njano.

"Hii ndiyo tochi!" Bi Kijakazi alisema alipoipokea, akiirusharusha kidogo mkononi kama mtu anayepima samaki.

Umeme uliporudi Jumanne waliichaji usiku kucha. Siku mbili iliwaka vizuri. Asubuhi ya tatu, walipokuwa kati ya ghorofa ya tatu na ya pili, taa zote kumi na tisa zilififia, zikazimika. Badria alisikia bibi akisema "Eh!" kisha sinia likalia likiporomoka ngazi moja baada ya nyingine. Bi Kijakazi alikuwa amekanyaga hewa.

Majirani walimbeba wakamrudisha juu. Kifundo cha mguu kilivimba kama embe. Kashata za siku nzima zilikanyagwa gizani zikawa unga.

"Umeichezea," bibi alisema, akikunja uso kwa maumivu. "Tochi nzito namna hii haifi yenyewe. Umeiangusha, ukaogopa kusema."

"Bibi, wallahi sijaiangusha!"

"Usiape! Mtoto mwenye kuapa-apa ana jambo."

Maneno yale yalimuuma kuliko kofi. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwita mwongo, tena bibi!

Alipotoka shule alikwenda moja kwa moja Kariakoo. Bakili aliichukua tochi, akaitikisa sikioni, akaguna.

"Umeiangusha kwenye maji."

"Haijaanguka popote, kaka. Imezimika yenyewe, bibi yangu ameumia."

"Mtoto mwongo wewe!" Bakili alipaza sauti, na watu wakageuka. "Mnaharibu vitu huko kwenu, halafu mnakuja kutusumbua. Kusoma unajua? Soma pale!"

Ukutani palikuwa na karatasi: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Mpagazi mmoja aliyekuwa mlangoni akacheka. "Dada, rudi nyumbani ukaoshe vyombo."

Badria alitoka akilia. Kuna machozi ya huzuni na kuna machozi ya hasira. Haya yalikuwa ya hasira, na hayo huchoma zaidi.

Chini ya jengo lao, kwenye kichumba kando ya ngazi, alikaa mzee Pankaj, fundi wa saa na redio. Watoto wote wa jengo walimwita Babu Pankaj. Alikuwa na kioo cha fundi jichoni na maneno machache mdomoni.

"Shikamoo, Babu Pankaj."

"Marahaba. Nani amekupiga?"

"Sijapigwa. Nimeitwa mwongo. Na bibi, tena na muuza tochi."

Mzee alinyoosha mkono. "Lete hapa. Tutaiuliza tochi yenyewe."

Alifungua skrubu nne, akatenganisha ganda. Aliangalia kwa muda.

"Ingeingia maji, skrubu hizi zingekuwa na kutu, na waya huu ungekuwa na ukungu. Ni mkavu. Ingeanguka, ganda lingekuwa na ufa. Halina. Uongo uliopo hapa si wako."

Kisha akaingiza bisibisi, akabandua kitu na kukiweka kwenye kiganja cha Badria. Kilikuwa kipande cha chuma chenye urefu wa kidole, kimefungwa kwa gundi na karatasi.

"Betri yenyewe ni hii," mzee akasema, akionyesha kitu kidogo kama punje mbili za karanga. "Ndiyo maana imeisha upesi. Hicho chuma hakifanyi kazi yoyote."

"Sasa kimewekwa cha nini?"

"Cha bibi yako. Aliyetengeneza tochi hii hajawahi kumwona, lakini anamfahamu. Anajua watu wa huku wanapima kwa mkono. Basi akawauzia uzito."

Badria alikitazama kile chuma. Damu ilimpanda kichwani. Kwa hiyo mahali fulani mtu mzima alikaa kitako, akakata chuma, akakipaka gundi, huku akijua! Na aliyeanguka ni bibi, na aliyeitwa mwongo ni yeye!

"Bakili anajua, Babu?"

"Kamwulize. Nenda na chuma chako, lakini usitukane. Mwenye ushahidi hana haja ya matusi."

Kesho yake, Jumamosi, duka lilikuwa limejaa. Mama mmoja aliyevaa sare za uuguzi alikuwa ameshika tochi ya njano, akiipima mkononi. "Nzito kweli," alikuwa akisema.

Badria alipenya akaweka chuma juu ya kioo cha meza. Ko!

"Kaka Bakili, hiki nimekikuta ndani ya tochi yako."

Bakili alikiona, uso ukambadilika. Aliinama karibu na sikio la Badria, akanong'ona, "Mdogo wangu, usinivunjie biashara. Chukua ile nyembamba, bure. Waambie hawa kwamba uliiangusha, yaishe."

Tochi nyembamba ilikuwa pale pale, mbele yake. Neno moja tu, na bibi angepata taa. Lakini neno lenyewe lilikuwa ndilo walilomsingizia. Akamtazama yule mama muuguzi na tochi yake ya njano. Huyu naye labda ana ngazi zake.

"Mama, usinunue hiyo," Badria alisema kwa sauti. "Sijaiangusha yangu. Ndani ilikuwa na hiki chuma. Bibi yangu ameanguka nayo."

"Fungua hii tuone," mama yule akamwambia Bakili.

"Nikiifungua haiuziki tena, mama."

"Ndiyo maana nataka uifungue."

Bakili hakuwa na pa kukimbilia. Akafungua. Ndani mlikuwa na kipande kingine cha chuma, pacha wa kile cha Badria.

"Ala! Kumbe tunauziwa chuma chakavu kwa bei ya taa!" mtu akafoka. Wengine wakarudisha tochi mezani kana kwamba zinaunguza.

"Mimi nanunua katoni nzima, jamani, sifungui!" Bakili alilalama. "Ningejuaje?"

"Jana nilikuletea," Badria akamjibu. "Ulifungua? Au uliniita mwongo?"

Bakili aliisukuma ile tochi nyembamba mbele ya Badria. "Haya, chukua."

"Kwanza nitaijaribu. Na lile neno ulilisema mbele za watu, liondoe mbele za watu."

Bakili akawageukia watu. "Mtoto huyu hakusema uongo," alisema. "Samahani, mdogo wangu."

Safari hii Badria hakujali uzito. Aliingia stoo, mahali pasipo na dirisha, akaelekeza tochi mwisho wa ukuta. Mwanga ulifika mpaka kwenye maandishi ya maboksi, akayasoma. Akahesabu mpaka mia tano, haukufifia. Akaigonga kiganjani mara kumi, haikupepesa. Akafungua kifuniko cha nyuma, akaona pete ya mpira inayozuia maji. Kisha ndipo akaichukua.

Nyumbani Bi Kijakazi alikuwa ameutumbukiza mguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Badria alimsimulia yote, akampa chuma. Bibi alikipima mkononi.

"Kumbe mkono wangu ndio ulionidanganya, nami nikakuita wewe mwongo," alisema. "Nisamehe, mjukuu wangu. Zamani uzito ulikuwa ushahidi, maana hakuna aliyefikiria kuuza uzito mtupu. Siku hizi, kitu kikisema kinawaka, kiambie kiwake gizani kabla hujatoa pesa. Na mtu akisema hajaiba wala hajavunja, mchunguze kwanza kama ulivyoichunguza tochi hii, ndipo umhukumu. Hilo sikulifanya. Wewe ulikataa kununua taa kwa uongo, na hiyo ndiyo taa yenyewe."

Mguu ulipopona, walishuka tena ngazi sitini na nane, mwanga mweupe ukitangulia. Kile chuma bibi hakukitupa. Alikiweka siniani kuzuia karatasi ya kashata isipeperuke. Na kila mteja aliyeuliza hicho ni kitu gani, alielezwa, mwanzo mpaka mwisho, pamoja na jina la duka.