Nyamizi Apika Tope

Kaeni. Anayetaka kukojoa aende sasa, maana hadithi haimsubiri mtu.

Nyamizi alikuwa na miaka sita. Aliishi na bibi yake karibu na bwawa la ng'ombe. Nyumba yao ilikuwa ya bati, na mchana iliwaka joto kama chungu.

Jumatatu moja shangazi yake, Kabula, alikuja likizo kutoka chuoni. Hakuleta mkate. Hakuleta peremende. Alileta chupa kubwa, mpira mwembamba, kisanduku, na feni ndogo kama kisahani cha chai.

"Shangazi, hii feni inazungushwa na nini?"

"Na wadudu."

Nyamizi akachungulia nyuma ya feni. Hakuona mdudu hata mmoja.

"Wako kwenye tope la bwawa," shangazi akasema. "Ni wadogo mno, jicho haliwaoni. Wakila maganda ya muhogo, wanatoa gesi. Inaitwa haidrojeni. Gesi ikipita kwenye kisanduku hiki, unatoka umeme."

"Na feni inazunguka?"

"Ikizunguka, ni yako. Isipozunguka, Jumapili naondoka nayo."

Nyamizi aliitaka feni ile. Aliitaka sana.

Shangazi akachota tope. Akalitia kwenye sufuria, akaibandika jikoni.

"Kabula," bibi akaita. "Hiyo ni sufuria yangu ya maharage."

"Naazima tu, mama."

"Nilikupeleka shule. Umerudi unapika tope."

Tope likachemka. Tokoto, tokoto, tokoto.

"Shangazi, mbona unawachoma?"

"Humo mna wadudu wa aina mbili. Wapo wanaotengeneza gesi. Wapo walafi wanaoila. Walafi wakichemshwa wanakufa. Watengenezaji wanajificha ndani ya ganda gumu, wanavumilia."

Tope likapoa. Wakalitia kwenye chupa pamoja na maji na maganda ya muhogo yaliyopondwa. Shangazi akakaza kifuniko.

*Funga, acha, ngoja.*
*Wadudu wako kazini.*

Shangazi akaenda kusalimia majirani. Nyamizi akaitazama chupa. Ilikuwa kimya.

Akawaza. Wengi wamekufa. Waliobaki ni wachache. Kazi itawashinda.

Akaenda bwawani, akachota tope bichi, kiganja kimoja. Akafungua chupa. Akalitia. Akafunga.

"Nimewaletea wenzenu," akanong'ona.

Kesho yake, pwi. Keshokutwa, pwi, pwi, pwi. Mapovu yakapanda.

Alhamisi shangazi akaunganisha mpira kwenye kisanduku. Akaunganisha kisanduku kwenye feni.

Feni ikakaa tu.

Akagonga kisanduku. Ngo, ngo. Feni ikakaa tu.

"Mapovu yapo, lakini haidrojeni imeliwa," shangazi akasema. "Humu mna walafi hata baada ya kuchemshwa. Basi tope la bwawa hili halifai. Nitalimwaga, nirudi chuoni."

"Mwaga," bibi akasema. "Tope ni la kukandika ukuta. Mimi nilisema, lakini nani ananisikiliza."

Nyamizi akatazama feni. Akatazama vidole vyake. Akisema, atagombezwa. Asiposema, hakuna atakayejua, na feni itaondoka.

"Shangazi. Tope halina kosa. Mimi nilitia jingine. Bichi."

Shangazi akamtazama. Akamtazama tena.

"Kwa nini?"

"Niliwaonea huruma. Walibaki wachache."

"Basi huruma yako imenenepesha walafi," bibi akasema, bila kugeuka.

Shangazi hakucheka. Hakugomba. Akahesabu kwa vidole. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili.

"Siku tatu zinatosha," akasema. "Chukua mwiko."

"Lakini si mwiko wangu," bibi akasema.

Nyamizi akachukua kijiti. Akachota tope, akakoroga, jasho likamtoka. Tokoto, tokoto, tokoto. Hakumwonea huruma mdudu yeyote. Tope likapoa. Chupa ikaoshwa, ikajazwa upya.

*Funga, acha, ngoja.*
*Wadudu wako kazini.*

Ijumaa Nyamizi akapita karibu na chupa, mikono mgongoni. Pwi.

Jumamosi akapita kwa mbali. Pwi, pwi, pwi.

Jumapili mchana, begi la shangazi lilikuwa tayari mlangoni. Akaunganisha mpira. Akaunganisha feni.

Feni ikatikisika. Ikasimama.

Nyamizi akabana pumzi.

Frr. Frrr. Frrrrrr.

Feni ikazunguka.

Bibi akaja kuona. "Moshi wake uko wapi?"

"Hauna moshi, mama. Kinachotoka ni maji."

Kweli, tone moja lilining'inia chini ya kisanduku. Bibi akaligusa kwa kidole. Akalinusa.

Shangazi akabeba begi lake akaenda. Feni akaiacha, na chupa, na kisanduku.

Joto lilikuwa kali. Nyamizi akatandika mkeka, akalala. Feni ikampepea pua tu, maana ilikuwa ndogo. Pua ilitosha. Macho yakaanza kufumba.

Mara mkeka ukavutwa.

"Sogea," bibi akasema.

Nyamizi akasogea.