Ubao Ulioita Maji

Méthode alikuwa amekata nusu ya nguzo aliposikia mtu akikanyaga maji nyuma yake.

Maji yalimfika magotini. Ziwa Tanganyika lilikuwa limetulia kama mtu anayesikiliza. Mvua ilikuwa imekatika siku tisa zilizopita, na bado maji yalipanda.

Nguzo ile ilishika ubao mweupe wenye mistari na namba. Ulikuwa ubao wa ofisi ya maji, wa kupimia kimo cha ziwa.

"Habari za asubuhi, Baba Claude."

Alikuwa Jeniffer, mpimaji. Kila siku saa tatu asubuhi alikuja na daftari lake. Hakumnyang'anya msumeno. Alisoma namba kwanza, akaandika, kisha akauliza, "Ubao umekukosea nini?"

Méthode hakuwa mtu wa ugomvi. Alimweleza polepole. Ubao wa kwanza ulipozama, ofisi ilisimika wa pili, juu zaidi. Haukupita mwezi, maji yakaufuata. Kijijini walisema ubao unayaonyesha maji pa kufika. Migomba ilikufa imesimama. Samaki wadogo walionekana wakipita katikati ya mahindi. Kisha jambo likaingia nyumbani kwake.

"Ni chumbani kwa mama," alisema, akishusha sauti. "Nilisogeza kitanda kwa sababu ya unyevu. Nyuma yake nikakuta mistari myeusi ukutani, imelala kama ya ubao huu. Ilikuwa mitatu. Kesho yake ikawa minne. Nimetundika kitenge ili mama asiione."

Jeniffer hakucheka. "Hiyo mistari siijui," alisema. "Siwezi kukueleza nisichokijua. Ila maji nayajua kidogo."

Méthode akasema hata redioni walibishana kuhusu bahari inayopanda. Mmoja alisema ni mawe na udongo unaoporomokea baharini. Mwingine alisema ni barafu. Wa tatu alisema ni Mungu.

"Wasomi wenyewe hawaelewani, dada. Nyie mtaelewana na ziwa?"

"Kubishana ni kazi moja, kupima ni nyingine," alijibu Jeniffer. "Udongo ukiingia majini unapandisha kweli, lakini kwa bahari ni kidogo sana. Waliopima miaka mingi wanaona mambo mawili makubwa. Dunia imepata joto kwa moshi wa viwanda, wa magari, na wa misitu inayochomwa. Kwa hiyo barafu iliyokaa nchi kavu inayeyuka na kuingia baharini. Na maji yenyewe yakipata joto, yanavimba. Jaza sufuria mpaka ukingoni, uibandike jikoni. Itamwagika kabla haijachemka."

"Basi bahari ndiyo imekuja huku?"

"Hapana. Ziwa letu liko juu ya bahari kwa zaidi ya mita mia saba, na bahari haipandi mlima. Hapa ni mvua. Imenyesha kubwa miaka mfululizo, Burundi, Kongo, Zambia na kwetu. Mito mingi inaingia ziwani, lakini unaotoka ni mmoja tu, upande wa Kongo. Nao unakwenda polepole, tena unazibwa na matope na majani. Mvua ikikatika hapa, maji ya mbali bado yako njiani. Wanasema joto lina mkono hata hapa, maana hewa ya moto hubeba mvua nzito. Ni kwa kiasi gani, bado wanapima."

Jeniffer akafunga daftari.

"Usiniamini bure. Kata kijiti chako kisicho na namba. Kisimike mahali nisipopajua, ukiweke alama ya kisu maji yalipofika. Ukikuta baada ya siku saba maji yamekiacha chako na kupanda huu tu, nitakushikia nguzo ukate."

Méthode alisimika kijiti chake kwenye matete, ng'ambo ya kijito. Hakumwambia hata mkewe, Capitoline. Kila siku alikwenda peke yake. Hapakuwa na upepo wala mawimbi. Hakuwahi kuyaona maji yakisogea. Lakini karibu kila alipofika, alama ilikuwa imezama zaidi.

Siku ya nne choo cha jirani yao Gervais kilijaa kutoka chini, bila tone la mvua. Jeniffer alipita nyumba kwa nyumba, akieleza kwamba maji ya ardhini nayo yanapanda, na ya chooni yanaweza kufika kisimani. Tangu hapo Capitoline alichemsha maji yote ya kunywa.

Siku ya sita dada yake Méthode, Emelyne, alipiga simu kutoka Burundi. Vyura walikuwa wameingia jikoni kwake.

"Huko kwenu kuna ubao?" Méthode aliuliza.

"Ubao gani? Huku kuna maji tu, kaka."

Siku ya saba alama ya kisu ilikuwa imezama vidole vitatu. Alikwenda kwenye ubao. Nao ulikuwa umezama vidole vitatu zaidi.

Akamwita Jeniffer nyumbani. Jeniffer aliubonyeza ukuta wa chumba cha mama. Kidole kikazama.

"Tofali mbichi hunywa maji kutoka chini," alisema. "Juu unaona nyumba nzima, kumbe chini ni uji. Bibi asilale humu tena."

Bibi Lidia, mama yake Méthode, alikuwa ameketi kitandani na rozari yake. Wiki tatu alikataa kuhama, kwa kuwa Méthode alimwahidi kwamba maji yatarudi. Sasa Méthode alishindwa kumtazama. Alikiondoa kitenge. Mistari ilikuwa kumi na mmoja.

"Mama, nilikuficha hii."

Lidia alicheka mpaka akakohoa. "Unanificha mkaa wangu?"

Alinyoosha vidole vyake, vyeusi kwa mkaa.

"Nikiamka kusali naweka alama unyevu ulipofika. Ulisema maji yatarudi, nikataka kuona mistari ikishuka. Hukuniuliza. Ulinifunikia kitenge tu. Kama kuweka alama ndiko kunaita maji, mwanangu, kawaite majirani. Aliyeita ni mimi."

Jeniffer alifungua daftari na kulisogeza karibu na ukuta. Mistari miwili ilikaribia kugusana. Lidia alisema hiyo ni Jumamosi na Jumapili. Kwenye daftari, Jumapili maji hayakupanda. Mkaa na daftari vilikubaliana.

"Nilitolewa Burundi kwa bunduki," Lidia alisema. "Nikapelekwa makazi ya wakimbizi, Mishamo, kwa makaratasi. Wote hao hawakunipa muda hata wa kufunga mkeka. Haya maji yamenipa siku kumi na moja. Toeni mabati, tuhame."

Walianza palepale, Gervais na Jeniffer wakisaidia kubeba. Kule mlimani, kwenye shamba lao mbali na ziwa, Méthode alichimba msingi wa nyumba mpya. Aliweka mawe kwanza, kisha tofali za kuchoma. Shimo la choo kipya walilipangia mahali pake, mbali na kisima.

Jua lilikuwa limeinama walipoisikia sauti huko chini, kama gunia likitua. Ukuta wa chumba cha Lidia ulikuwa umekaa chini. Méthode alimtafuta mama yake kwa macho. Alikuwa ameketi juu ya godoro lililokunjwa, akijifuta mkaa vidoleni.

"Kesho saa tatu unipitie," alimwambia Jeniffer. "Nataka kuziona hizo namba."

Mistari ya tofali za nyumba mpya ilikuwa mitatu tu, tena upande mmoja. Méthode alifunika udongo kwa majani mabichi usikauke, akaiacha kamba ya kunyooshea imevutwa. Kisha akachukua kipande cha waya, akakitia mfukoni. Kesho, kabla ya tofali, alikuwa na nguzo ya ubao ya kufunga pale alipoikata.