Vuli Haijakauka

Sasa mtu mwenye akili zake anapitaje Mtaa wa Kongo saa tano asubuhi, tena Jumamosi, amebeba picha mbichi yenye upana wa mlango? Waridi alijiuliza hivyo huku dera lake jeupe, jipya, likiwa limeshajipaka rangi nyekundu toka bega hadi nyonga.

"We kaka, huna macho?"

"Ninayo, dada yangu. Mikono ndiyo imejaa." Alikuwa kijana mrefu, suruali ina madoa mengi kuliko ya fundi rangi. "Samahani sana. Usilisugue, litaharibika zaidi."

Waridi alishaandaa tusi la uhakika. Akaitazama picha, tusi likamkauka mdomoni. Lilikuwa shamba la mlimani limegawanywa mara nne: kiangazi chekundu kama kidonda, masika meusi yanayong'oa migomba, kipupwe cha rangi ya jivu. Vuli peke yake haikuwa imeisha. Palikuwa na mtu mmoja tu, ameshika jani refu la kijani. Rangi yote ilikuwa imerundikwa kwa kisu.

"Hii umeichora au umeipiga?"

"Nimeipiga," akasema bila kucheka. "Naitwa Marcelino."

Haya, mapenzi hayana adabu. Miezi mitatu haijaisha, Waridi aliyekuwa akiuza vitenge dukani kwa kaka yake Mwinyimvua akawa hali tena chakula cha mchana dukani.

"Umekula, msanii wangu?" alipiga simu.

"Nimekula rangi."

"Basi njoo Mnazi Mmoja. Nina chapati mbili na hasira ya njaa."

"Hasira yako tamu, Waridi. Nakuja mbio."

Ni hapo Mnazi Mmoja Marcelino alipomwambia. Kwao Rombo, kiangazi kimoja, yeye akiwa na miaka tisa, baba yake mdogo alimkata baba yake panga la bega kwa sababu ya mpaka wa shamba la ukoo.

"Akafa?"

"Alipona. Mkono ndio haukupona." Waridi alipomuuliza kuhusu vuli, akamega chapati nyingine.

Siku moja mchana, chumbani kwa Marcelino, mtaa wa Gerezani, Waridi akachovya kidole kwenye rangi ya njano, akadondosha tone kwenye vuli ile. Mchezo tu. Marcelino akageuka na kurusha kisu chake cha rangi. Kikapita hatua moja kutoka sikioni mwa Waridi, kikabandua lipu ya ukuta.

"Waridi. Mpenzi, sikukulenga."

"Najua hukunilenga." Akaokota mtandio wake. "Leo ukuta, kesho mimi."

Alimpenda, na alimwogopa, na miguu yake ilisikiliza hofu. Simu zilipigwa, hakupokea hata moja. Usiku alilia, asubuhi akauza vitenge kama kawaida.

Siku ya tano Marcelino akatokea dukani, picha ile ya turubai kwapani, shati jeupe limepigwa pasi. Akainama, akaweka kizingitini jani refu la kijani lililofungwa fundo.

Jamani, mtu wa Pwani akikuta jani la fundo kizingitini kwake haulizi maswali. Mwinyimvua hakuuliza.

"Unamroga dada yangu? Mchana kweupe?"

Alimpiga kwa mita ya chuma ya kupimia vitambaa, ya kwanza mdomoni, ya pili mbavuni. Neno mchawi likatembea mtaani kwa kasi kuliko pikipiki, na watu wasiomjua wakaja na mateke yao. Marcelino akaanguka kifudifudi, vidole vimetanuka kwenye lami, mtu akavikanyaga. Hakuinua mkono hata mara moja. Waridi aliitazama mikono ile muda wote, akiingoja irudishe, nayo haikurudisha.

Mwinyimvua akachukua mkasi, akaichana picha toka kiangazi mpaka kipupwe. Ikabaki vuli, na yule mtu na jani lake. Waridi akaliona vizuri kwa mara ya kwanza. Jani lilikuwa na fundo.

"Muacheni!" Alijipenyeza kwa viwiko mpaka akasimama juu yake. "Huyu wa kwenye picha ni baba yako mdogo?"

Marcelino akajigeuza, akaitikia kwa kichwa, damu kwenye meno. "Hilo jani ni isale. Kwetu ukikosa sana, unaleta isale, na uliyemkosea haruhusiwi kulikataa. Alilileta vuli ile. Baba akapokea, mimi sikumsamehe mpaka juzi. Ndiyo maana nilishindwa kuimaliza."

"Juzi kulitokea nini?"

"Nilimpigia simu. Nikamwambia nimekuwa kama yeye, anichumie jani. Limekuja na basi."

Watu wakapoa. Waridi akainama.

"Waridi, usiliguse," kaka yake akasema.

"Kwetu hakuna desturi hiyo," Waridi alimwambia Marcelino, "kwa hiyo mimi ninaruhusiwa kukataa."

Marcelino akainamisha macho. "Unaruhusiwa."

"Sikatai." Akaliokota jani. Kisha akatia mkono mfukoni mwa shati la Marcelino, akatoa kile kisu cha rangi. "Ila hiki nitakaa nacho mimi. Vuli utaimalizia kwa vidole."

"Vidole vimekanyagwa, mpenzi."

"Vitapona. Nitangoja." Akaipangusa damu ile kwa ncha ya mtandio, akamgeukia kaka yake. "Kaka Mwinyi, niletee sindano ya magunia na uzi mnene."

Mwinyimvua akaitazama picha iliyochanika, akautazama mkasi mkononi mwake, akaingia ndani kutafuta uzi.